Kamari ya Dakika Tano

Mara nyingi watu huandika juu ya ulevi, juu ya mahari inayopita kiasi, juu ya vijana wanaoacha shule na kukimbilia mashimo ya zahabu. Mambo hayo yafaa kusemwa tena na tena. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo jingine, ambalo limeingia kwetu Wamaza bila kupiga hodi. Halina harufu kama pombe, wala halina kelele kama ngoma ya usiku. Mama aweza kuketi jikoni pamoja na mwanawe, wakiota moto mmoja, asijue kwamba mtoto yumo katika nyumba ya kamari. Twasema juu ya kasino ya simu, na hasa ile michezo mifupi inayokwisha kwa sekunde chache, ambayo vijana wetu wa pande za Kasongo na Kabambare huicheza kati ya kazi na kazi. Ukimwuliza mmoja wao anafanya nini, atakujibu kwa upole kabisa: “Mwalimu, ni dakika tano tu.”

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipinga. Maana wengi wamelikubali, hata baadhi ya wazee wa shirika, hata walimu wa shule. Wanadhani: kama angecheza usiku kucha, hapo kungekuwa na hatari, lakini dakika tano, na franka mia tano, ni kitu gani? Ni kama kula karanga njiani. Sisi twasema kinyume. Ufupi huo ndio mtego wenyewe, na mchezo mrefu usingeweza kuwanasa watu kama huu mfupi unavyowanasa.

Tuueleze kwanza kwa ajili ya wale wasioujua, hasa wazee ambao simu yao ni ya kupiga na kupokea tu. Unaopendwa sana unaitwa Aviator. Ulitengenezwa na kampuni ya Spribe ya nchi ya Georgia (ile ya Kaukazi, jirani ya Urusi, si ile ya Marekani), ukatolewa mwaka 2019. Juu ya kioo cha simu hutokea ndege ndogo nyekundu. Mchezaji huweka fedha yake kabla haijapaa. Ndege ikipaa, hesabu hupanda pamoja nayo: 1, kisha 1.20, kisha 1.80, kisha 3, pengine 10, mara chache 100. Ukibonyeza kabla ndege haijatoweka, unalipwa fedha yako mara ile hesabu. Ikitoweka kabla hujabonyeza, umepoteza yote. Basi. Kwa kawaida jambo lote hilo halizidi muda wa kusali Salamu Maria moja au mbili. Halafu sekunde chache za kuvuta pumzi, na ndege nyingine iko tayari uwanjani. Haipumziki Dominika, haipumziki usiku, haingoji mvua ipite. Ina ndugu zake pia: gurudumu linalozunguka, mashine za picha za matunda, na ule mpira wa uwongo ambamo timu zisizokuwako duniani humaliza mechi nzima kwa dakika chache. Lakini ukiijua ndege, umewajua wote.

Hapo zamani kamari ya namna hii ilikuwa na nyumba yake. Mtu wa kasino ya Monte Carlo alipaswa kusafiri, kuvaa nguo nzuri, kupita mlangoni mbele ya bawabu, na kubadilisha fedha yake apewe vipande vya kuchezea. Hata ile mashine ya kamari ambayo Charles Fey aliitengeneza San Francisco mwishoni mwa karne ya 19 ilisimama ndani ya baa, nawe ulikwenda kuifuata. Hivyo walikuwako walinzi wanne kati ya mtu na hasara: njia, mlango, saa ya kufunga, na macho ya watu. Mlinzi wa nne ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Huku kwetu mtu akicheza karata za fedha nyuma ya soko, jioni ileile mke wake amekwisha kuambiwa, na kesho yake mjomba wake amefika. Simu imewafukuza walinzi wote wanne siku moja. Tena imeongeza jambo la tano: tangu watu waanze kuweka makuta yao katika Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, fedha ya mtu imo ndani ya simu ileile. Mfuko na meza ya kamari vimekuwa kitu kimoja. Hatusemi kwamba fedha ya simu ni mbaya. Imewaokoa wafanyabiashara wengi na wanyang'anyi wa barabarani. Twasema tu kwamba haikubaki hata hatua moja ya kutembea, ambayo ndani yake mtu angeweza kubadili mawazo.

Sasa tuhesabu, maana wacheza kamari wetu hujisifu kwamba wanajua hesabu. Watengenezaji wenyewe hawafichi: wanasema mchezo wao hurudisha asilimia 97 ya fedha zinazowekwa. Kijana akisikia 97 anafurahi, anaona ni karibu ya mia. Asikilize vizuri. Maana yake ni kwamba katika kila franka mia zinazowekwa mezani, kwa wastani tatu hubaki kwa mwenye meza, tena si mara moja kwa siku, bali kila ndege ipaapo. Anayetaka kuzidisha fedha yake mara mbili atafaulu mara 48 au 49 katika mia, si mara 50. Anayetaka mara kumi atafaulu chini ya mara kumi katika mia. Apende kukimbia mapema, apende kungoja, ile tatu haimwachi.

Franka tatu katika mia ni kidogo? Ni kidogo kweli, kama ungecheza mara moja kwa mwaka. Lakini tuseme ndege nne tu hupaa kwa dakika. Kwa saa moja ni 240. Kijana anayeweka franka 500 kila ndege, kwa saa moja ameweka mezani franka 120,000, hata kama mfukoni alikuwa na 10,000 tu, maana fedha ileile inatoka, inarudi, inatoka tena, na kila ikizunguka inakatwa. Tatu za mia katika 120,000 ni 3,600. Hiyo ndiyo kodi ya wastani. Wengine hupoteza zaidi sana, wachache huondoka na faida, na hao wachache ndio wanaosikika sokoni. Sasa tumrudie yule wa dakika tano. Dakika tano ni ndege 20, ni franka 10,000 zilizopita mezani. Naye hafanyi dakika tano moja. Anafanya dakika tano akingoja abiria wa pikipiki, dakika tano baada ya kula, dakika tano chooni, dakika tano kabla ya kulala. Na twawajua wengine, tusiwataje, wanaofanya dakika tano nyuma ya kanisa wakati wa mahubiri. Ikifika jioni ya pili au ya tatu, saa nzima imekwisha kupita, na hakuna aliyeiona ikipita, hata yeye mwenyewe. Angekaa saa hiyo mahali pamoja, tumbo lingemwambia, mke angemwita, simu ingeishiwa moto. Vipande vidogo havina shahidi.

Kuna sababu nyingine ya kasi hiyo, nayo haikugunduliwa na mapadri. Marekani alikuwako mtaalamu aitwaye B. F. Skinner, aliyefanya majaribio na njiwa. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo. Njiwa walifundishwa kudonoa kitufe wapate punje. Punje zilipokuja kwa mpango unaojulikana, njiwa alidonoa, akala, akapumzika. Lakini zilipokuja bila mpango, pengine baada ya kudonoa mara tatu, pengine baada ya mara hamsini, njiwa alidonoa mfululizo, bila kupumzika. Skinner mwenyewe alilinganisha jambo hilo na mashine za kamari. Baadaye mwanamke mmoja mtaalamu, Natasha Dow Schüll, aliwachunguza kwa miaka mingi wachezaji wa mashine huko Las Vegas, akatoa kitabu chake mwaka 2012. Wengi walimweleza jambo la kushangaza: hawakucheza tena ili washinde, walicheza ili waendelee kucheza, maana mkono ukiwa juu ya mashine walisahau nyumba, kazi, hata mwili wao. Tunapowatazama vijana wetu penye nyumba ya kuchajisha simu, wamekaa mstari mmoja, hakuna anayesema na mwenzake, tunawakumbuka wale njiwa. Nao waganga wa dunia nzima wamekwisha kulikubali jambo hili: katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022, kushindwa kuacha kamari kumeandikwa karibu na kushindwa kuacha pombe na bangi.

Hapo wajanja watasema: “Hao ni wajinga, sisi tuna siri.” Siri ya kwanza ni hii: ndege ikitoweka chini mara tano, ya sita lazima ipande juu. Basi wasikie habari ya Monte Carlo. Tarehe 18 Agosti 1913 mpira wa gurudumu uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji, watu wenye mali na elimu, walizidi kuweka fedha juu ya nyekundu, wakisema sasa nyekundu lazima ije, na wakapoteza mamilioni. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia jana. Ndege pia haikumbuki.

Siri ya pili ni kuzidisha: ukipoteza 500 weka 1,000, ukipoteza weka 2,000, na hivi hivi, mpaka ushinde mara moja na kurudisha yote. Tuihesabu. 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000: ukipoteza mara saba mfululizo, zimekwenda franka 63,500, na ulikuwa unatafuta faida ya 500. Kupoteza mara saba mfululizo, kwa mtu anayengoja mara mbili, hutokea karibu mara moja katika mia. Kwa mchezo wa karata wa jioni pale baraza, mara moja katika mia ni jambo la mbali. Kwa mchezo wa ndege 240 kwa saa, si ajabu ulikute jioni ileile.

Siri ya tatu hununuliwa. Wako watu katika WhatsApp na Telegram wanaouza programu za kutabiri ndege itatoweka wapi. Kumbe mahali pa kutoweka huamuliwa na mashine kabla ndege haijaondoka chini, wala hakuna kidole cha mchezaji kinachoweza kupabadili. Mtu aliye na ufunguo wa ghala la dhahabu, mbona anakuuzia ufunguo kwa dola tano? Wazee wetu walimjua mtu wa namna hii. Alipita vijijini akiuza dawa ya utajiri, naye kanzu yake ilikuwa na viraka.

Wazazi wetu walitusimulia pia habari za Bindo. Miaka ya 1990 na 1991, wakati nchi ikiitwa Zaire, watu wa Kinshasa walipeleka fedha zao kwa mtu huyo aliyeahidi kuzirudisha zimeongezeka mara nyingi, na wengine waliuza magari na nyumba ili wapate cha kupeleka. Mwaka 1991 jengo likaanguka. Haikuwa kasino, ilikuwa kuwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Lakini twaona tofauti moja iliyo ya faida kwa Bindo. Ilianguka siku moja, mbele ya wote, watu wakalia pamoja na kujua kwamba wamedanganywa. Kasino ya simu haianguki. Kila mtu huanguka peke yake gizani, na asubuhi humwambia mwenzake kwamba amelala vizuri.

Tufike sasa kwenye neno zito kuliko yote, ambalo vijana wa mashimo walitujibu tulipozungumza nao. Walisema: “Mwalimu, hata kuchimba ni kamari. Unalipa chakula cha watu mwezi mzima, unachimba, unakuta mawe matupu. Kampuni ya Banro ilikuja Namoya na mitambo mikubwa. Mwaka 2016 ikasema uchimbaji umeanza rasmi, mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa ukosefu wa usalama. Sisi tulipata nini? Ndege inatupa nafasi ambayo serikali haikutupa.” Hatulidharau neno hili. Mwenye kulidharau hajapata kulala chini ya hema la plastiki kando ya shimo. Ni kweli kwamba barabara zetu ni mbovu, kwamba kazi ya mshahara ni haba, na kwamba mpunga wa mkulima hununuliwa kwa bei anayotaka mnunuzi.

Lakini shimo na ndege si ndugu. Shimo likikosa dhahabu, wale watu wa kubeba mawe wamekula, mama aliyeuza fufu amelipwa, fundi wa sululu amepata kazi. Fedha imepita katika mikono ya Wamaza. Ndege ikitoweka, fedha imekwenda mahali ambapo hakuna mmoja wetu anapajua, na hairudi hata kwa kununua sabuni. Tena katika shimo hakuna mtu aliyekaa juu yake akihesabu kabla kwamba mchimbaji atapunjwa tatu kwa kila mia. Bahati ya ardhi ni ngumu, lakini haina hila. Na shimo ni la polepole. Mchimbaji hupewa wiki nne za kufikiri, za kushauriana na wenzake, za kusema “tuache, twende mahali pengine.” Ndege humpa sekunde tano. Kama mnaidai serikali kazi, sisi tu pamoja nanyi, na tuidai mchana, kwa sauti. Anayemalizia hasira yake juu ya kioo cha simu hajaidai serikali kitu.

“Fedha ni yangu,” asema mwingine. Je, ni yako? Tumeyaona haya katika shirika moja la hapa kwetu, na jina hatutalitaja. Mama kumi na wawili walikuwa na likelemba yao. Kila mmoja alitoa franka 10,000 kwa mwezi, na zamu yake ikifika alipokea 120,000. Kwa kuwa wengi wao hawakusoma sana, walimpa kijana mmoja awawekee katika simu yake. Kijana mwema, alikuwa akiimba Misa vizuri. Alianza na fedha yake mwenyewe, franka mia mbili, mia tano. Siku moja alipoteza zaidi, akaona zile za akina mama zimelala hapo karibu na zake, akasema ataazima 5,000 tu, arudishe usiku uleule. Jogoo wa kwanza alipowika zilikuwa zimekwisha zote. Mwezi ule zamu ilikuwa ya mjane mwenye binti katika shule ya sekondari. Kila mtu anajua kwamba tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari ingali inalipwa. Binti alikaa nyumbani muhula mzima. Kijana alikwenda Salamabila kwenye mashimo, mpaka leo haji kanisani akija kusalimu wazazi. Hayo yote twaweza kuyahesabu. Lakini likelemba yenyewe ilikufa, na hasara hiyo hatujui kuihesabu, maana wale mama kumi na wawili, waliokuwa wakiaminiana bila karatasi kwa miaka sita, sasa kila mmoja anaficha makuta yake chini ya godoro.

Wako wahubiri wanaosema kwamba shetani mwenyewe ameingia ndani ya simu. Sisi hatusemi hivyo, na twaona usemi huo unawasaidia wenye kasino, maana kijana akipoteza atafute wa kumwombea, asitafute kalamu ahesabu. Kanisa Katoliki halijasema kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Askari walipiga kura juu ya vazi la Bwana wetu, lakini Mitume nao walipiga kura, wakampata Matiya. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati kwa yenyewe haivunji haki. Huwa mibaya inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wale anaowajibika kwao. Na tena yaonya kwamba shauku ya kucheza yaweza kuwa utumwa. Tupime basi kwa mizani hiyo. Ni nani hapa Wamaza mwenye franka ambazo hakuna mtu nyumbani mwake anazozihitaji? Awepo mmoja, na acheze. Wengine wote wanacheza na dawa ya malaria ya mtoto.

Na tazameni wenye nchi za kitajiri, ambao wana makuta ya kuchezea kuliko sisi. Ubelgiji, iliyotutawala, ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matangazo ya kamari Julai 2023, na tangu Septemba 2024 kijana wa huko hawezi kucheza kabla ya miaka 21. Ufaransa, katika sheria yake ya mwaka 2010, iliruhusu kamari ya intaneti kwa mpira, farasi na karata za poka, lakini kasino za intaneti haikuziruhusu. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na Agosti mwaka huo Rais William Ruto alitia saini sheria mpya juu ya kamari. Lakini Uingereza ndiyo inayotufundisha zaidi katika habari yetu. Mwaka 2021 ilitoa amri kwamba katika mashine za kamari za intaneti mzunguko mmoja usiwe mfupi kuliko sekunde mbili na nusu, na Januari 2025 kwamba michezo mingine ya kasino ya intaneti isiwe mifupi kuliko sekunde tano. Mwaka huohuo wa 2025 waliweka kikomo cha fedha katika mashine hizo: pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 tu kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24. Fikirini jambo hili. Serikali ya nchi kubwa imekaa na saa mkononi, inapima sekunde za mchezo! Haikufanya hivyo kwa kukosa kazi. Imekubali kwamba kasi yenyewe ni sehemu ya sumu, na kwamba kijana aweza kudhuriwa nayo kuliko mzee. Hapa Wamaza hatujamwona bado karani aliyekuja kupima sekunde za ndege.

Kwa hiyo hatutamngoja. Tumewaomba akina mama wa likelemba warudie kisanduku cha bati chenye kufuli mbili na funguo mbili katika nyumba mbili; na wakitaka simu, iwe simu ya kikundi, isiyo ya mtu, na watu wawili wawepo kila inapofunguliwa. Wengine walicheka, wakasema huko ni kurudi nyuma. Na iwe hivyo. Wenye vibanda vya fedha ya simu, ambao wengi ni Wakristu wenzetu, twawaambia wazi: ukimkopesha kijana franka za kuwekea ndege, ukijua ni za ndege, wewe umekuwa bawabu wa kasino, na faida yako ndogo ya kutuma na kutoa imetoka katika sahani ya mkewe. Wako wawili waliotukasirikia kwa neno hili. Wa tatu ameacha, naye hajafilisika. Na nyinyi wake wa vijana, msiogope kuuliza jioni, mbele ya watoto, simu ina kiasi gani. Swali hilo ni yule mlinzi wa nne, na bado yuko hai.

Limebaki neno la tombola, maana hatuwezi kulikwepa. Tumelisikia mara nyingi mno. “Parokia nayo huuza tiketi za tombola, mbona hamsemi?” Twasema. Tiketi ya tombola huuzwa kwa bei moja, mbuzi na baiskeli vinaonekana vimesimama mbele ya kanisa, hesabu husomwa siku ya sikukuu, na aliyekosa anajua kwamba fedha yake imekuwa bati juu ya kichwa chake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kununua tiketi 240 kwa saa moja, wala kuamka usiku wa manane anunue nyingine. Lakini ikiwa halmashauri ya parokia itaona kwamba hata jambo hilo linawakwaza vijana, sisi hatutalililia. Bati tutazitafuta kwa kuuza mchele na mawese kama walivyofanya wazee. Mwaka huu mbuzi amekwisha kununuliwa, na tombola itachezwa. Ila tiketi hazitauzwa kwa deni, wala kwa mtoto, wala kwa simu.